"Sentence": neno moja la Kiingereza, darasani na mahakamani

Tafsiri za mashine zimekuwa mkalimani wa wengi siku hizi, na kuna mahali zinapojikwaa kila mara. Mtu amefungwa maisha ng'ambo, habari inatafsiriwa, na chini ya picha yake panaandikwa "amepewa sentensi ya maisha". Anayejua Kiingereza atakisia kilichokusudiwa. Asiyekijua atabaki akijiuliza ni maneno gani hayo aliyokabidhiwa mtu aende nayo gerezani.

Kosa hilo ni rahisi kulirekebisha. Linaloniumiza zaidi ni mkanganyiko ulio chini yake, ambao haukuletwa na mashine. Hata tunaporipoti kesi kwa Kiswahili chetu wenyewe, tunachanganya hatia, hukumu na adhabu kana kwamba ni kitu kimoja, na ndugu wa mshtakiwa wanaosubiri nje ya mahakama wanaondoka na habari nusu. Kulifungua neno la Kiingereza "sentence" kunasaidia kuyafungua na ya kwetu.

Kwanza maana. Katika sarufi, "sentence" ni sentensi: tungo inayotoa taarifa, swali, amri au mshangao uliokamilika. Mahakamani, "sentence" ni adhabu ambayo mahakama inampangia mtu aliyekwisha kutiwa hatiani: faini, kifungo, kazi za jamii, au kifo katika nchi zenye adhabu hiyo. Kiswahili kiliazima nusu ya neno hili. Kilichukua ile ya darasani kikaiita sentensi, na ile ya mahakamani kikaiacha, kwa kuwa tayari tulikuwa na "hukumu" na "adhabu", maneno yenye asili ya Kiarabu yaliyozoeleka zamani. Kwa hiyo sentensi, kwa Kiswahili, haijawahi kumfunga mtu.

Kuna njia ya haraka ya kuzitenganisha unaposoma Kiingereza. Neno hilo likitumika kama kitenzi, ni la mahakamani tu, kwa sababu sarufi haina tendo la namna hiyo. Likifuatwa na idadi ya miaka, vilevile. Na kama linatolewa, linatumikiwa, linapunguzwa au linakatiwa rufaa, mwalimu wa lugha hahusiki.

Wazo lililotamkwa

Maana hizo zilikutanaje? Mzizi ni neno la Kilatini sententia, lililotokana na kitenzi sentire, yaani kuhisi, au kuona jambo kwa akili. Katika Seneti ya Roma ya kale, mjumbe alipoulizwa anaonaje, alichokitoa kilikuwa sententia yake. Jaji naye, akishasikiliza pande zote, alitoa sententia: hivi ndivyo nionavyo. Tofauti ni kwamba maoni ya mjumbe yangeweza kupingwa na mjumbe aliyekaa jirani, wakati maoni ya jaji yalikuwa na nguvu ya dola nyuma yake.

Neno hilohilo lilitumika kwa misemo ya hekima, kwa kuwa msemo nao ni maoni yaliyofupishwa yakakaa vizuri mdomoni. Katika karne ya 12, mwanateolojia Peter Lombard alikusanya maoni ya mababa wa Kanisa katika kazi ambayo Kiingereza huiita "Sentences". Anayeikuta kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni kitabu cha sarufi, au orodha ya wafungwa. Ni mkusanyo wa maoni.

Na sarufi iliingia hapo kupitia mlango wa ukamilifu. Priscian, mwanasarufi wa Kilatini aliyefundisha Constantinople yapata mwaka 500, alieleza tungo kuwa ni mpangilio mwafaka wa maneno unaoonyesha wazo kamili, na kwa "wazo" alitumia sententia. Kiingereza kilipolipokea neno kupitia Kifaransa, maana ya maoni na ya uamuzi ndiyo iliyotangulia. Ya sarufi ilifuata baadaye, pale jina la wazo lilipohamia kwenye maneno yanayolibeba.

Lugha nyingine hazikufanya hivyo. Kihispania kinasema sentencia kwa uamuzi wa mahakama, hata katika kesi ya talaka ambako hakuna anayefungwa, na sentensi ya sarufi kinaiita oración. Kifaransa kinaiita phrase. Ni Kiingereza kilichoyaweka yote kwenye chungu kimoja.

Nukta haifanyi sentensi

Wengi tulifundishwa kwamba sentensi huanza na herufi kubwa na kuishia na nukta. Hayo ni mavazi yake tu. Watu walitoa sentensi vinywani mwao kabla ya maandishi yoyote kuwapo, na mtoto wa miaka mitatu asiyejua hata irabu hutunga sentensi kutwa nzima.

Linganisha "mzee aliyekuja jana na wanawe wawili" na "mzee amekuja". La kwanza ni refu, lakini masikio bado yanangoja: huyo mzee amefanya nini? La pili ni fupi na limefika. Lina kiima, yaani anayezungumziwa, na lina kiarifu, yaani kinachosemwa juu yake. Urefu hauna kazi hapa. Kiswahili kinalionyesha hili vizuri kuliko Kiingereza: "nitakupikia" ni neno moja, na ndani yake mna mtendaji, wakati, mtendewa na tendo. Kiingereza kinahitaji maneno matano kuyasema hayo.

Ukamilifu huo ndio nguzo ya upande wa pili pia. Adhabu isiyotamkwa yote, isiyosema ni ya nini, kiasi gani na kuanzia lini, inamwacha mfungwa na askari magereza wakingoja kama yule anayemngoja mzee wa jana.

Hatia ni siku moja, adhabu ni siku nyingine

Kikombe kimevunjika nyumbani. Swali la kwanza ni nani aliyekivunja. Swali la pili, ambalo halina maana kabla ya la kwanza kujibiwa, ni afanywe nini. Unaweza kuwa na uhakika wote kuhusu la kwanza na bado ukasumbuka sana na la pili: ni mara yake ya kwanza? Alikusudia? Amesema mwenyewe au mpaka alipobanwa? Mahakama za jinai zinatenganisha maswali hayo mawili kwa makusudi. Jibu la swali la kwanza ni kutiwa hatiani au kuachiwa huru. Jibu la pili ndilo Kiingereza kinaloliita "sentence".

Kesi ya Rivonia ni mfano unaojulikana. Juni 11, 1964, huko Pretoria, Jaji Quartus de Wet aliwatia hatiani Nelson Mandela na wenzake saba. Usiku ule walilala wakijua kwamba wana hatia mbele ya sheria ya wakati huo, lakini bila kujua kama wangenyongwa. Kesho yake, Juni 12, baada ya maombi ya kupunguziwa adhabu kusikilizwa, ndipo jaji alipotamka kifungo cha maisha. Siku mbili, matamko mawili tofauti. Katika kesi ya Charles Taylor, aliyekuwa Rais wa Liberia, pengo lilikuwa kubwa zaidi: Mahakama Maalumu ya Sierra Leone ilimtia hatiani kwa mashtaka 11 Aprili 26, 2012, na ikampa kifungo cha miaka 50 Mei 30 mwaka huohuo. Kwa zaidi ya mwezi mzima, aliyeandika kwamba Taylor "amehukumiwa" alikuwa amesema kweli na papo hapo hajamwambia msomaji kitu.

Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapohitaji uangalifu. "Hukumu" ni neno pana. Ni uamuzi wote wa mahakama pamoja na sababu zake, na hukumu inaweza kumwachia mtu huru. Tunaposema fulani "anasubiri hukumu", msikilizaji hajui kama bado hatia haijaamuliwa au kilichobaki ni miaka tu. Kwa maoni yangu, dawa iko mikononi mwetu: tuseme "ametiwa hatiani" kwa hatua ya kwanza, "amepewa adhabu ya" kwa hatua ya pili, na "hukumu" tuiachie uamuzi mzima. Maneno yapo. Ni kuyatumia.

Na kesi za madai hazina "sentence" kabisa. Mtu akiamriwa kulipa fidia kwa kuvunja mkataba, hakupewa adhabu ya jinai wala hakutiwa hatiani. Ameshindwa kesi, basi.

Miaka mingi kuliko umri

Uvumi mwingi kuhusu adhabu unatokana na namna miaka inavyohesabiwa. Fikiria sufuria tatu, kila moja inahitaji saa moja kuiva. Ukiwa na majiko matatu, baada ya saa moja vyote vimeiva. Ukiwa na jiko moja, ni saa tatu. Mtu akipatikana na makosa matatu na kila moja likapewa miaka mitano, mahakama huamua kama adhabu zitakwenda kwa pamoja, na hapo atakaa mitano, au kwa mfuatano, na hapo ni 15. Kichwa cha habari kinachojumlisha namba bila kusema jiko ni moja au matatu kinapotosha.

Mfuatano ndio uliompatia Bernard Madoff, tapeli wa fedha wa Marekani, miaka 150 mnamo Juni 29, 2009, akiwa na umri wa miaka 71. Hakuna aliyetarajia aishi hadi aimalize. Kila kosa kati ya 11 lilibebeshwa uzito wake, na jumla ikasema jambo kuhusu ukubwa wa madhara. Alifariki gerezani Aprili 2021.

Kifungo cha maisha nacho hakina maana moja duniani. Uingereza, katika kesi nyingi, jaji hutaja miaka ya chini ambayo mfungwa lazima aikae kabla ya kufikiriwa kuachiwa. Akitoka, anabaki chini ya masharti hadi kufa, na akiyavunja anaweza kurudishwa ndani. Kwa hiyo adhabu ni ya maisha kweli, hata kama kuta za gereza si za maisha. Ureno ilifuta kifungo cha maisha mwaka 1884. Norway, Anders Breivik alipopewa miaka 21 mwezi Agosti 2012 kwa kuua watu 77, watu wengi nje ya nchi hiyo walishangaa na kusema atatoka akiwa bado na nguvu. Walichokikosa ni kwamba alipewa kifungo cha kizuizi, ambacho mahakama inaweza kukiongeza, hadi miaka mitano kila mara, maadamu mtu bado ni hatari. Hakuna mwisho uliohakikishwa.

Kifungo cha nje hueleweka vibaya kila siku. Aliyepewa hakuachiwa huru. Ametiwa hatiani, na adhabu yake imesimamishwa juu ya kichwa chake: akikosea tena ndani ya muda aliowekewa, inaweza kumwangukia.

Vilevile, kubadilishiwa adhabu si kusamehewa. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki wa Kenya aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 4,000 adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Hatia yao ilibaki palepale. Kilichobadilika ni jibu la lile swali la pili.

Na wapo wanaoamini kwamba rufaa haiwezi kumwongezea mtu miaka. Inategemea nchi na nani amekata rufaa. Mwanariadha Oscar Pistorius wa Afrika Kusini alipewa miaka sita kwa mauaji mwezi Julai 2016. Waendesha mashtaka waliiona ni ndogo mno, wakakata rufaa, na Novemba 2017 Mahakama ya Juu ya Rufani ikaipandisha hadi miaka 13 na miezi mitano.

Pale sentensi inapoamua adhabu

Maana hizi mbili hazikuachana kabisa baada ya Roma. Mwanafalsafa J. L. Austin wa Oxford alionyesha kwamba baadhi ya sentensi hazielezi kitu, zinakifanya. "Mahakama inakupa adhabu ya kifungo cha miaka kumi" ikitamkwa na mpita njia haina uzito wowote. Ikitamkwa na jaji aliyeketi kisheria, mlango wa gereza unafungwa. Maneno ni yaleyale, na sarufi ni ileile.

Kuna hata mahali ambapo sheria inaamuru sentensi ya sarufi iweje. Mvumbuzi anayeomba hataza Marekani, yaani haki ya kulinda uvumbuzi wake, lazima aandike kila dai lake kwa sentensi moja tu. Mashine iwe na sehemu tano au mia tano, nukta ni moja, mwishoni. Ndiyo maana madai hayo yanasomeka kama mto usio na daraja.

Lakini mifano inayonigusa zaidi ni ile ambayo siku za mtu gerezani zilining'inia kwenye neno dogo. Sheria ya shirikisho ya Marekani humpunguzia mfungwa mwenye mwenendo mzuri hadi siku 54 kwa mwaka. Mwaka upi? Ule aliopangiwa na jaji, au ule aliokwisha kuukaa? Mamlaka ya magereza ilihesabu ule uliokwisha kukaliwa, na kwa kuwa anayetoka mapema hakai miaka yote, punguzo likashuka hadi takriban siku 47 kwa kila mwaka aliopangiwa. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilikubali hesabu hiyo. Ilibidi Bunge liandike upya kifungu mwaka 2018, kiseme wazi kwamba mwaka unaohesabiwa ni wa adhabu iliyotolewa na mahakama. Kwa mtu wa miaka kumi, hiyo ni tofauti ya kama siku 70: zaidi ya miezi miwili nyumbani na watoto wake.

Sheria hiyohiyo ya 2018 ilileta kesi nyingine, na mara hii ugomvi ulikuwa juu ya "na". Ilipanua nafasi ya jaji kutoa adhabu iliyo chini ya kiwango cha lazima kwa baadhi ya makosa ya dawa za kulevya, ikiwa mshtakiwa hana mambo matatu katika historia yake: zaidi ya alama nne za makosa ya zamani (alama ni pointi anazohesabiwa mtu kwa adhabu alizowahi kupewa), kosa la zamani la alama tatu, na kosa la zamani la vurugu la alama mbili. Je, anazuiwa akiwa na yote matatu kwa pamoja, au hata akiwa na moja tu?

Usidhani jibu ni jepesi. "Na" ya Kiswahili ina tatizo hilohilo. Daktari akikuambia "usitumie dawa hii na pombe", anakataza viwili vikutane. Dawa peke yake ndiyo aliyokuandikia. Mlinzi wa chumba cha mtihani akikuambia "usiingie na simu na daftari", huwezi kujitetea kwamba umeingia na simu tu. Mpangilio ni mmoja, maana ni mbili, na msikilizaji anaamua kwa kutazama anazungumza nani na kuhusu nini.

Machi 15, 2024, Mahakama ya Juu ya Marekani iligawanyika, majaji sita kwa watatu. Jaji Elena Kagan, akiwaandikia walio wengi, alikubali kwamba sarufi peke yake inaruhusu usomaji wa aina zote mbili, kisha akatazama kifungu kizima na kusema kwamba jambo moja linatosha kumzuia mtu. Jaji Neil Gorsuch, akiwaandikia waliopinga, alisoma "na" kama yule daktari, na akaonya kwamba maelfu ya watu watakosa nafasi ambayo Bunge liliwapa. Mfungwa aliyeileta kesi hiyo alikuwa na mambo mawili kati ya matatu. Kwa usomaji wa daktari, jaji angeweza kumpa adhabu iliyo chini ya kiwango cha lazima. Kwa usomaji wa mlinzi, alikuwa amekwisha kukamatwa mlangoni na simu mkononi, na adhabu yake ikabaki kama ilivyokuwa.